Nani Amekufa?

S.L.P. 418
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Kaka Kijiti,

Hujambo huko uliko? Wifi je, na mapacha? Sisi tu wazima, na nikutoe wasiwasi mapema: Shangazi, mama yako, ni mzima kabisa. Anakula, analala, na tangu juzi ameanza tena kunikosoa ninavyofua. Hapo ndipo nilipojua amepona.

Kwenye simu nilikwambia mafuriko yamebeba nyumba yake na cherehani yake. Nilichokuficha, unisamehe, ni kwamba wiki tatu za mwanzo hapa kwangu Shangazi alikuwa hasemi. Ukimsalimia anaitikia, basi. Niliogopa kumwacha peke yake, nikawa nakwenda naye kazini, studio. Akajipa mwenyewe kazi ya kuosha vikombe.

Sasa sikia. Wanamuziki walikubaliana kurekodi wimbo mmoja wa kuwachangia watu wa mafuriko. Walikuja kumi na wanne, bila malipo, wengine wakiwa hawajapeana hata salamu kwa miaka. Chumba chetu unakijua, kuta zimefunikwa magodoro. Tulibanana tukalowa jasho, maana feni ikiwashwa tu, mngurumo wake unaingia kwenye maikrofoni.

Mwimbaji kiongozi, yule tunayemwita Asali, alikuwa ametunga beti za majonzi matupu: mmetutoka, laleni salama, machozi yetu hayakauki. Mpiga gitaa alilia kweli. Tulipokuwa tunarudia mara ya sita, mlango ukafunguliwa katikati ya ubeti. Shangazi huyo, kitambaa cha vikombe mkononi.

"Samahanini," akasema. "Nani amekufa?"

Asali akamweleza kwa upole kwamba wimbo ni wa watu wa mafuriko.

"Mtu wa mafuriko si ndiye mimi? Mbona mnanizika?"

Kaka, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Yeye wala hakupandisha sauti. "Waliokufa tumewalilia wenyewe. Tuliobaki tupo. Majirani zangu wanalala shuleni, familia nne darasa moja. Wanataka blanketi. Wanataka ndoo zenye mifuniko, watoto wasiharishe. Yaimbeni hayo."

"Lakini mama," Asali akasema, "ndoo haiimbiki."

"Umejaribu?"

Chumba kizima kikaangua kicheko, na Asali mwenyewe akacheka. Akageuza kreti la soda, akaketi, akafuta beti zote. Shangazi alikaa pembeni yake akimsahihisha kama fundi anayemfundisha mtu kupinda pindo. Mimi nilijifanya nakagua nyaya, kumbe nafuta macho. Alisema mengi mchana ule kuliko wiki tatu nzima.

Wimbo unapigwa redioni kila saa. Wiki iliyopita malori mawili yalipeleka blanketi na ndoo pale shuleni, na mifuniko yake. Cherehani yake bado haijapatikana, na hajaiulizia hata mara moja.

Jambo moja litakukera: mwezi ujao anataka kurudi kwa majirani zake. Nimembembeleza hadi nimechoka. Anasema hawezi kuwatungia wenzake wimbo kisha akakaa kwenye makochi yangu. Ukipiga simu usimgombeze. Muulize tu atahitaji nini.

Babu anakusalimu, na yule mjomba wangu fundi saa anauliza lini utarudi. Wabusu mapacha kwa niaba yangu. Mungu awalinde, na riziki yenu isikauke.

Nimekutumia wimbo wenyewe. Mwanzoni kabisa, kabla gitaa halijaingia, utasikia mtu akisema, "Haya, anzeni." Wenzangu walitaka nikate maneno hayo. Nimekataa. Ongeza sauti, Kaka, ni mama yako huyo.

Mdogo wako akupendaye bila kuchoka,
Dada wa Mitambo