Kopo la Uwatu Juu ya Kabati

Bibi yangu,

Assalaam alaykum. Uliniambia barua isiyo na salamu ni kama mtu anayeingia chumbani bila hodi, kwa hiyo nimebisha.

Dada Zuwena amejifungua. Ni mtoto wa kike, ana nywele nyingi, tumempa jina lako. Nimeanza na hilo kwa sababu linalofuata ni zito.

Bibi, daktari hakukukataza uwatu.

Siku ile Mama alikuwa kazini, nikakusindikiza mimi kliniki niwe mkalimani wako, maana lugha ya huku ugenini ulikuwa huijui. Ulimtolea daktari punje ulizozifunga kwenye pindo la kanga, ukaniambia, "Mwambie hizi naziloweka jioni, maji yake nayanywa asubuhi." Alitabasamu. Alisema uwatu unaweza kushusha sukari, kwa hiyo usizidishe, usiache vidonge, na upime mara kwa mara. Basi. Ukanigeukia: "Anasemaje?"

Nikasema, "Anasema uache kabisa."

Mimi nawe tulikuwa tukilala chumba kimoja. Harufu ya uwatu ilikuwa kwenye jasho lako, kwenye mapazia, kwenye sare yangu. Wiki ile msichana mmoja ndani ya basi la shule aliziba pua akasema, "Yalla, fungueni dirisha, mchuzi umepanda." Wote wakacheka. Unanijua, mimi sijibu watu. Nilishindwa kumjibu yeye, nikaja kukudanganya wewe.

Hukubisha hata kidogo. Ulilifunga kopo kwenye mfuko wa plastiki, ukanipa niliweke juu ya kabati kwa kuwa mkono wako haufiki. "Daktari akibadilisha maneno, utaniambia." Kila tulipotoka kliniki uliuliza, "Leo hajasema kitu?" Hajasema, Bibi. Mara nne nilikujibu hivyo.

Ukawa unapika mchuzi wa nguru bila zile punje ulizokuwa ukizikaanga kwenye mafuta kabla ya kitunguu. Ukila unaongeza ndimu, unaongeza chumvi, halafu unasukuma sahani. "Ulimi umezeeka," ulisema. Nami nilikuwa nimekaa mbele yako, natafuna.

Hospitali walisema kilichokuchukua ni moyo, si sukari. Nimejaribu kujificha nyuma ya neno hilo. Halinifichi.

Jumanne Zuwena aliomba uji wa uwatu, maana maziwa yalikuwa hayatoki vizuri. Mama akakataa. "Mama yangu mwenyewe daktari alimkataza. Khalas." Nikaona uongo wangu umebaki baada yako, umehamia kwenye kitanda cha mzazi. Nikasema. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi nirudie. Mama alizima jiko. Hakunipiga, heri angenipiga. Alisema tu, "Naye alikuwa akijisifu kwa majirani: 'Mjukuu wangu ndiye ulimi wangu.'"

Kisha akaniambia nilete kopo.

Nilipolifungua, harufu ilitoka kama vile umefungua mlango.

Uji wa kwanza niliuharibu, nilisahau kumwaga maji ya mwanzo, yale machungu. Zuwena alikunja uso: "Huu ni wa kunywa au wa kufukuzia mbu?" Wa pili aliumaliza. Sasa maziwa yanatoka. Nesi anasema ni kwa sababu mtoto ananyonya mara nyingi, Mama anasema ni uwatu. Mimi sijui, na sitasema zaidi ya ninachojua.

Chumba chetu kinanuka tena. Shule imekwisha, sare nimeigawa. Shati nitakaloendea kwenye usaili wa kazi huko mtaa wa Rashidiya nimelitundika humu humu.

Jirani wa ghorofa ya chini, yule mama uliyekuwa ukipelekeana naye achari, kaniomba nimsindikize kwa daktari kesho kutwa. Nilitaka kukataa, niliona aibu hata kumtazama usoni. Nitakwenda. Nakuahidi, kila neno litakalotoka kule litamfikia yeye kama lilivyo, lile la kunitia haya pia.

Pumzika, Bibi. Mungu akupe nafasi pana, na anisamehe.

Uliniomba nikuambie alichosema daktari. Nimechelewa. Alisema hivi: usizidishe, usiache vidonge, upime mara kwa mara. Uwatu wako unywe.

Mjukuu wako,
Nasra