Muhuri wa Ijumaa

Jumatatu. Theluji ya wiki iliyopita imegeuka tope la kijivu.

Naogopa. Naandika hivi mapema ili asiwepo wa kunidhania shujaa. Mimi ni mtu wa kusoma barua pepe mara tatu kabla ya kuituma, na bado naomba radhi mwishoni.

Ni karani katika kampuni ya kupangisha nyumba. Jengo letu moja linakarabatiwa, na kila mpangaji anayetaka kurudi baadaye alitakiwa kuleta barua, mwisho Ijumaa. Bibi mmoja wa ghorofa ya tisa aliileta yake mkononi Ijumaa hiyo hiyo, tukikaribia kufunga. Nikaipokea, nikaiweka kwenye trei, nikasahau kuigonga muhuri.

Kosa langu. Nalikubali.

Leo bosi akaiona. Kwa upole kabisa akaniambia niigonge tarehe ya leo. Nikasema ilikuja Ijumaa. Akasema karatasi haioneshi hivyo, kisha akanikumbusha kwamba bado niko kwenye miezi ya majaribio. Kwa tarehe ya leo, bibi yule hana pa kurudi.

Nikazungusha namba za muhuri hadi Ijumaa, mbele ya macho yake, nikagonga. Wino ukaenda upande. Pembeni nikaandika kwamba nimegonga Jumatatu kwa kuwa nilisahau, nikatia saini.

Kesho saa tatu naitwa ofisini kwake.

Nyumbani nilimkuta Mama anapika sombe, kisamvu cha kwetu, na samaki. Nikamweleza yote. Alikoroga kwanza.

“Wewe ni wa baba yako kabisa,” akasema. “Yeye alitukalisha kambini miaka minne kwa sentensi moja. Wewe unataka kutukalisha wapi?”

Halafu akanipakulia kichwa cha samaki, ambacho enzi za uhai wa Baba hakuna mwingine aliyekigusa.

Sentensi yenyewe naijua. Tulikuwa kambi ya wakimbizi Kigoma, kwenye usaili wa kuletwa huku ughaibuni. Kila mtu alimshauri Baba amwandikishe Neema, yatima wa kaka yake, kama binti wa kumzaa. Baba akamwambia ofisa, “Huyu ni mtoto wa kaka yangu.” Faili letu likawekwa kando. Majirani wakapanda ndege, sisi tukabaki.

Nilimchukia kwa hilo. Sijawahi kuliandika popote.

Mwaka jana kwenye mazishi yake mchungaji alisema shemasi huyu ametuachia urithi wa imani. Nilikaa benchi la mbele nikiwaza: urithi gani? Miaka minne ya kusomea chini ya turubai?

Leo, muhuri ukiwa mkononi, nilitaka kutii. Mungu anajua nilivyotaka. Nikashindwa, na kushindwa kule hakuna shule iliyonifundisha. Nilijifunza kwa Baba.

Neema ana watoto wawili sasa. Siku moja watauliza babu yao aliacha nini. Nataka niwe na jibu langu mwenyewe, si la kuazima kwa mchungaji wa mazishini.

Ila nisijidanganye. Mwezi wangu wa kwanza kazini niliweza kutii. Amri ilikuwa ile ile, kwa mpangaji ambaye sikuwahi kumwona uso. Nikagonga tarehe ya uongo, na Jumapili nikasimama kwenye kwaya nikaimba kama kawaida. Hakuna aliyejua.

Bwana, hofu hii waweza kuniachia. Niondolee tu ulimi wa kubembeleza.

Bosi akitaka niombe radhi kwa muhuri wa leo, hatapata. Nitamwambia barua ilikuja Ijumaa. Kisha nitamtajia na yule mpangaji wa mwezi wangu wa kwanza, jina lake na namba ya mlango wake, na nitataka barua yake irekebishwe pia. Akinifukuza, anifukuze baada ya kusikia yote mawili.

Hofu bado ninayo. Nitaenda nayo hivyo hivyo.