Gogo Lililotia Pengo Tezo Yako

Shikamoo, Baba Teresia.

Lile gogo lilikuwa mti! Nimeona nianze na hilo, salamu nyingine zitafuata.

Gogo lile lile la chini ya ukingo wa Newala, siku tuliyoshuka kuchota maji. Wakati huo mimi mwanafunzi wako wa mwaka wa tatu, na hata mwiko sijaweza kuchonga. Uliweka ndoo chini, ukaita, "Hamisi, njoo uone mti!" Ukaupiga tezo. Kumbe jiwe! Zikaruka cheche, makali yakatoka pengo, na mimi nikacheka mpaka nikakaa chini. Jina la Fundi Jiwe nililitunga mimi, papo hapo. Lilifika nyumbani Kitangari kabla yetu.

Hukukasirika. Ulitoa kile kijipande cha jiwe ulichokuja nacho kutoka kwenu Mueda, ng'ambo ya mto, ukakiweka kando ya kingine kilichomeguka kwenye gogo, nyuzi kwa nyuzi. "Mti hautembei, Hamisi. Ukiukuta huku na ng'ambo ya Ruvuma, ujue ulikuwa msitu mmoja." Nikakuitikia kama mtu anavyomwitikia mgonjwa wa homa.

Sasa sikiliza. Tangu utuache, kila kitu ruksa. Korosho wananunua watu binafsi, Masasi imejaa mitumba, na mimi navaa koti la Mzungu mnene kuliko mimi mara mbili. Watafuta mawe nao wanakuja na magari yao. Mwezi uliopita akaingia karakana yetu mama mmoja kutoka Dar, mtaalamu wa miamba, anaulizia mawe ya ukingoni. Nikatoa vile vijipande viwili kwenye kopo lako la patasi. Akavitazama kwa kioo chake cha kukuzia, kimoja, kingine, tena cha kwanza. Mimi nangoja acheke.

"Mzee," akasema (ndiyo, siku hizi mimi ni mzee), "nani alikwambia hivi ni mti mmoja?"

"Fundi wangu."

"Alisoma wapi?"

"Kwenye mpingo, mama."

Akanieleza kwamba gogo lilifukiwa, maji ya ardhini yakaingia kwenye nyuzi zake kidogo kidogo, yakaacha jiwe kila mahali palipokuwa na mti. Na miti ya ukoo huo, akasema, imekutwa imegeuka mawe hata Madagaska.

"Na bahari yote ile?" nikamwuliza. "Iliogelea?"

Akacheka sana. Enzi hizo bahari hiyo haikuwapo, Baba Teresia. Madagaska ilikuwa imeshikana na huku kwetu! Magogo kama lile lako ni sehemu ya ushahidi wao. Mti hautembei! Nilipiga ukelele, mbuzi wa jirani akakata kamba.

Nikapanda basi siku hiyo hiyo hadi Masasi kwa Teresia. Unajua, kwenye mazishi yako mtu mmoja alikulilia kwa lile jina, Fundi Jiwe. Tangu hapo binti yako ananiamkia tu, basi, haongezi neno. Nilimweleza yote. Alipepeta mchele mpaka ukaisha ndipo akasema, "Baba mdogo, mimi sikumcheka baba. Kawaambie waliocheka."

Kwa hiyo siku ya gulio nitasimama Kitangari na vijipande vyako viwili. Nitaanza na kicheko changu, kisha nitawaambia jina nilitunga mimi, na fundi ulikuwa wewe. Watanicheka, na kwa koti hili ndio kabisa. Wacheke. Teresia amesema atakuja kusikiliza.

Jambo moja zaidi. Tezo yako ninayo. Miaka yote hii nimekuwa nikilinoa lile pengo kila nikipata nafasi, liishe, nisilione. Nimeacha. Pengo lililobaki linaacha kijimstari kwenye mti kila ninapokata, na zamani nilikuwa nakifuta kwa patasi. Kuanzia sasa sikifuti. Kila kinyago kitakachotoka mikononi mwangu kitakuwa nacho, na anayenunua akiuliza, nitamtajia jina lako.

Pumzika, fundi wangu.

Mimi mwanafunzi wako, ambaye mwiko bado unamshinda,
Hamisi