Madaftari Sitayachoma

Morotonga, Mugumu
Jumatano, 14 Agosti 2024

Kaka yangu mpendwa Heche,

Shikamoo. Naanza kwa kukuomba radhi, kwa maana sijakuandikia tangu Novemba. Sina ugonjwa wala safari ya kusingizia. Nilikuwa naandika kitu kingine, na mkono wa umri wangu hauwezi kazi mbili za kalamu kwa wakati mmoja.

Magoti yako yanaendeleaje? Je, ile dawa ya kuchua uliyopewa Tarime imesaidia, au umeigawa kwa majirani kama ilivyo kawaida yako? Natumaini mwanao na mkamwana wako Bhoke hawajambo, na kwamba vumbi la kiangazi la Nyakunguru halikubani kifua. Mimi ni mzima. Macho yananipunguzia mwanga kidogo kidogo, lakini bado naona ninachotaka kukiona.

Sikupigii simu, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Bhoke ni mwema, ila huiweka simu yako kwenye sauti ya juu katikati ya uwanja, na habari hii si ya kusikiwa na kila anayepita. Atakayekuletea barua hii mkononi anaitwa Steven, dereva wa bodaboda. Mpe chai kabla hajaanza kuzungumza, kwa kuwa akishaanza hatainywa.

Ujumbe wako ulinifika: nichome madaftari, niwaombe wazee radhi, na niache kucheza michezo na watu wenye umri wa wajukuu zangu. Niliusikiliza kwa heshima anayostahili kaka mkubwa. Madaftari sitayachoma. Naona uliyoyasikia yamefika kwako yakiwa yamepinda, kwa hiyo nitayanyoosha.

Mjukuu wangu Nice ni mpishi katika kambi moja ya watalii hifadhini. Mwaka jana mgeni mmoja aliacha sanduku lenye kitabu cha kanuni za mchezo, riwaya tatu nene, na dadu yenye pande ishirini. Vitabu vyote vilikuwa vya Kiingereza. Nice aliniletea wakati wa likizo yake akaniomba nimfafanulie.

Mchezo wenyewe hauna ubao wala karata. Watu hukaa mezani, kila mmoja akajibunia mtu: shujaa, mwizi, mganga, jitu. Mmoja wao huwa msimulizi. Msimulizi husema kwamba mmefika darajani na joka limelala pale. Wengine husema watu wao watafanya nini, na namba ya dadu huamua kama wamefaulu. Riwaya zile zilizaliwa kwa njia hiyo hiyo: watu walicheza, kisha mmoja akaandika walichokicheza. Mimi niliyefundisha Kiswahili kwa miaka thelathini na minne, niliyewanyang'anya wanafunzi vitabu vya majini na mazimwi, nilizisoma zote tatu kwa wiki mbili, na maharage yaliungua zaidi ya mara moja.

Tukaanza kucheza kila Jumamosi alasiri sebuleni kwangu. Mimi nikawa msimulizi. Nice akawa mganga, Steven akawa mwizi, na Sadick, fundi cherehani wa sokoni, akawa jitu lenye shoka. Sadick alikataa kuigusa dadu. Alisema kwamba kwake dadu ni kamari hata pasipo fedha, nami sikumbishia. Jumamosi iliyofuata alileta mfuko wa kitambaa wenye vifungo ishirini vya makoti, kila kimoja kimeandikwa namba kwa wino, na tangu siku hiyo tunachota vifungo. Jitu lake humpima kila adui kwa macho kabla ya kumpiga, na hutangaza kiuno chake ni inchi ngapi. Mwizi wa Steven hakubali kupanda farasi, kwa madai kwamba farasi hana breki. Nice humwambia kwamba mwizi yule ni mwoga kuliko mwenye pikipiki.

Kanuni humpa msimulizi haki moja. Husimamisha kadi ngumu mbele yake, na namba za maadui huzichota nyuma ya kadi hiyo, akiziona peke yake. Mimi nilisimamisha jalada la daftari langu la zamani la mahudhurio.

Kusimulia theluji na ngome za Ulaya sikuweza. Nikaweka mto, ng'ombe, vilima vyetu, na wazee wanaosoma utumbo wa mbuzi kabla vijana hawajavuka kwenda kuteka mifugo. Tulipofika mwisho wa safari ile niliandika yote katika madaftari matano, kama wale wenye riwaya walivyofanya. Steven aliyaomba akayasome. Badala ya kuyasoma tu, aliyapeleka kwenye duka la kutoa nakala. Nakala moja ilifika nyumbani Nyansurura, ikasomwa kwa sauti kwenye matanga, na Mzee Waitara alikuwa amekaa pale.

Hapa ndipo ulipopinda ujumbe uliokufikia. Wazee hawakukasirishwa na majoka. Jumatatu Mzee Waitara alikuja kwangu na wazee wawili, na baada ya vikombe viwili vya chai akanieleza makosa yangu. La kwanza, nimeandika jinsi wazee wa inchama, baraza lenu la siri, wanavyokaa, nani anamshika mbuzi kichwa, na maneno gani hutangulia kisu. Hayo hayajulikani kwa mwanamke yeyote. La pili, katika hadithi yangu mzee mmoja anafunika alama ya utumbo kwa kidole gumba na kuwadanganya wenzake, na hilo ni tusi kwa wote waliowahi kusoma utumbo. Nikamwambia kwamba ni mchezo. Akaniuliza mchezo ulijuaje nani anashika kichwa.

Jibu hilo ni lako kwanza, kwa hiyo nikammiminia kikombe cha tatu. Akaendelea taratibu, kama mtu anayenunua ndama. Katika wazee wa inchama, ni mmoja tu mwenye dada anayeandika.

"Mwalimu, sema tu kwamba Heche alilewa akakuambia," alisema. "Atoe ng'ombe mmoja, uchome hayo makaratasi, tumemaliza. Ukikataa, tutamfukuza kwenye inchama mzee wa watu na magoti yake hayo."

"Kaka yangu hajaniambia kitu."

"Basi nani?"

"Iteni baraza Jumamosi. Nitajibu mbele ya watu wote."

Alicheka akasema kwamba walimu hawastaafu, hubadilisha darasa tu. Lakini aliondoka bila kuniaga.

Sasa Kaka, kaa chini, na kama Bhoke yuko karibu, mtume dukani.

Jumamosi moja mwezi wa Oktoba, Nice na wenzake waling'ang'ania kuvuka mto na kuvamia boma la maadui. Niliwaonya kwa kila njia ambayo msimulizi anaruhusiwa. Hawakusikia. Nikachota kifungo cha maadui nyuma ya jalada, kikatoka ishirini. Kwa kanuni, wote watatu walikuwa wamekufa. Nikawatazama: Nice anauma ukucha, Sadick ameshika futi yake ya kupimia kama shoka. Nikakifunika kifungo kwa kidole gumba, nikasema ni nne. Kisha nikakitazama kidole changu, nikamwona Baba.

Ilikuwa mwaka uliofuata baada ya wewe kutahiriwa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama alinituma ndani ya ghala nikwangue ulezi uliobaki chini, na kabla sijatoka wazee wakaingia uani na mbuzi wao. Ilikuwa alfajiri. Niliogopa kutoka, nikabaki humo, nikitazama katikati ya fito. Niliona walivyokaa. Nilisikia maneno. Nilimwona Baba akiinamia utumbo, akaweka kidole gumba mahali fulani na kukiacha pale. Akawaambia kwamba mbuzi amekataa, vijana wasiende.

Walipoondoka alinikuta nikishuka, ulezi umenijaa nyweleni. Akaniuliza kama nimeona. Nikasema nimeona. Hakunipiga. Aliniambia, "Mbuzi alikubali. Mimi ndiye niliyekataa. Heche hajui hata kuogelea."

Akaniapisha nisiseme, na sijasema kwa miaka hamsini na tisa.

Najua jinsi rika lenu lilivyochekwa mwaka ule. Najua wasichana waliwaimba, na kwamba mpaka leo unasema utumbo wa mbuzi yule uliwanyima jina. Lakini vijana wa ng'ambo ya kilima walikwenda wiki ile ile, na wewe mwenyewe ulisaidia kumbeba mmoja wao hadi kwa mama yake. Baba aliwadanganya wazee wenzake, na wewe una watoto saba. Unaweza kumkasirikia ukitaka. Mimi nilijaribu siku ile ya vifungo, nikashindwa.

Jumamosi nitasimama mbele ya watu pale Nyansurura. Nitasema kwamba hakuna aliyeniambia, niliona mwenyewe, nikiwa mtoto niliyetumwa kazi na mama yake. Watauliza kuhusu kidole. Nitawaambia kwamba kidole nacho ni kweli, na nitataja ni cha nani. Ningeweza kusema kwamba nimebuni, nikarudi nyumbani kwa amani, lakini wangeendelea kukushuku wewe. Na zaidi ya hapo, jambo jema kuliko yote aliyoyafanya baba yetu lingebaki kuitwa uongo wa mwanamke. Wakitaka kunitenga, wanitenge. Wakisema hakuna wa ukoo atakayenizika, Sadick amekwisha kuniambia kwamba sanda ataishona yeye, na kwamba kiuno changu anakijua. Nakueleza haya kwa sababu ni haki yako kuyasikia kabla ya Waitara. Sikuombi ruhusa.

Akija mjumbe wake kukuomba ukiri kwamba ulilewa, usikiri. Usitoe ng'ombe, usitoe hata mkia. Nakala zilizoko mitaani sina nguvu ya kuzirudisha, na nguvu hiyo ningekuwa nayo nisingeitumia. Daftari la sita nimelianza jana.

Wasalimie wote wa nyumbani, wakubwa kwa wadogo, na umwambie Bhoke kwamba ulezi aliotuma ulikuwa safi. Nice anakupa shikamoo. Ameomba ruhusa kazini ili anisindikize Jumamosi, na Sadick atafunga duka. Baraza likishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo, kabla sijala.

Ni mimi dada yako,
Modesta Kisyeri