Ukuta Ndio Umesogea

Jumatano, 6 Agosti

Nimepika chai, nimemwamsha Sheila. Shule zimefungwa, angelala hadi saa sita huyu. Mlango wa chumba chake umekwama tena, nimesukuma na bega. Fundi aliukwangua juzi juzi tu. Huko juu ni nyundo tangu asubuhi, landlord anaongeza ghorofa ya saba. Vumbi mpaka kwa sufuria. Jumamosi tuko Mombasa na akina mama wa kanisa. Sijawahi kwenda safari ya kutembea tu. Naogopa kumwacha mtoto. Lakini naenda.

Jumamosi, 9 Agosti

Mombasa. Jua kali, miguu imevimba. Tumeingia ile ngome ya zamani ya mfalme wa Wareno. Kuta nene ajabu. Mama Truphena amekalia mzinga kama pikipiki, nimecheka mpaka machozi. Halafu kijana anayetutembeza akatuonyesha ufa, na mlango umeinama kando yake. Akasema, "Mlango ukianza kugoma, mama zangu, msiulaumu mlango. Ukuta ndio umesogea." Wenzangu wakapita. Mimi nikabaki hapo. Nimekumbuka mlango wa Sheila. Nampigia Sheila, hashiki.

Jumapili, 10 Agosti

Tuko njiani. Sheila amepiga, simu ilikuwa imezima. Yuko sawa. Moyo wangu haujakubali.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimesogeza kabati la Sheila. Ufa, kutoka juu mpaka chini. Kidole kinaingia. Nimeshuka mbio kwa caretaker. Akanicheka mbele ya mafundi: "Mama Sheila ameenda Mombasa siku moja akarudi injinia!" Wote wakaangua kicheko. Aibu. Baba Sheila naye anasema nyumba zote za Nairobi zina nyufa, niache kutisha mtoto. Sheila atalala na mimi sebuleni, karibu na mlango wa nje.

Jumatano, 13 Agosti

Leo mlango wa jikoni pia umekwama. Jana ulikuwa unafunga vizuri.

Nimefunga nguo kwa shuka. Baba Sheila amepiga kelele, namwaibisha, deposit itapotea. Nikamwambia abaki na deposit, mimi nabeba mtoto. Nimebisha kila mlango nikishuka, nikawaambia watoke. Mmoja alinifungia usoni. Wengine waliitikia tu, ndio mama, ndio mama. Hakuna aliyetoka.

Jioni Baba Sheila ametufuata na godoro kichwani. Haongei.

Jumapili, 24 Agosti

Tuko kwa dada yangu, Mukuru kwa Njenga. Chumba kimoja cha mabati, mvua ikinyesha hatusikizani. Sheila ananuna, shule itakuwa mbali. Baba Sheila ameanza kuongea, kidogo, na hajasema turudi.

Mama Truphena alipita huko jana. Jengo limesimama. Ghorofa ya saba imemwagwa zege, na watoto wa majirani wanacheza kwa ngazi kama kawaida. Mimi wananiita Mama Injinia, nikitajwa ni kicheko.

Wacha wacheke. Nimeomba Mungu leo kanisani, wanicheke mpaka nizeeke.