Mabuyu Si ya Mkono Wangu

Kuze,
Mombasa.
14 Septemba, 1996

Mpendwa ndugu yangu Aidarus,

Assalaam aleikum. U hali gani huko Maskati, na wanao je? Sisi hatujambo, alhamdulillahi, ila Mama mguu bado wamvimba. Akuombea dua kila sala.

Ndugu yangu, nina aibu, na sina mwengine wa kumweleza.

Wamjua Mbeyu wa Rabai, aliyekuwa akituletea muhogo. Mwaka jana yeye na wenziwe walianza kupika mabuyu, lakini yalikuwa yakishikana, tena wakiyafunga kwa magazeti. Nikaenda nikakaa kwake siku tatu. Nikawaonyesha kuikaza shira ya sukari, kutia iliki, kuyaanika hadi yakauke, na kufunga mifuko kwa moto wa mshumaa. Yakatoka mazuri, wallahi.

Nikayapeleka dukani kwa Nasser, hapa mtaani. Akaniuliza, "Yamepikwa wapi? Watu wa huku hawali kitu cha nyumba za kunywa tembo la mnazi." Nikachelea yatakataliwa, nikamwambia ni ya mkono wangu. Yakauzika, na jina langu likaenea hadi Ganjoni.

Wiki iliyopita Mbeyu alikuja mjini akataka aone yanapouzwa. Nilikosa udhuru wa kumzuia, nikampeleka. Nasser, asimjue, akamkaribisha: "Onja, mama! Ya Bi Badria haya. Si yale ya mashamba, yapikwayo sufuria moja na tembo."

Mbeyu akachukua moja, akalifyonza pole pole. "Matamu," akasema. "Mwambie mpishi asibadilishe." Nami nimesimama pale pale.

Njiani hakusema ila hili: "Dada Badria, siku tatu ulilala kwangu. Tembo uliliona wapi?" Akapanda gari akaenda zake.

Nilirudi kwa Nasser baada ya Alasiri, nikamwambia kweli. Hakunigombeza. Aliyaondoa mabuyu juu ya meza, akayatia chini, na yako huko mpaka leo. Kesho naenda Rabai kumwomba Mbeyu radhi. Hata akinifungulia mlango, nitamwambia nini juu ya mabuyu yaliyo chini ya meza?

Na yale niliyokutumia wakati wa Idi, ukaniandikia kuwa umewagawia wenzako kazini na kumsifu dadako: hayo pia ni ya Mbeyu. Tafadhali watajie jina lake.

Nisalimie shemeji Areej na watoto wote. Mola akuhifadhi ugenini, na mimi anisamehe.

Ni mimi dadako nikupendaye,
Badria