Mgeni wa Mama Balbina

Jumanne, 3 Aprili 1906
Mvua tangu alfajiri. Mto umeshaingia mashamba yetu hapa Katindiuka. Adhuhuri amekuja mwanamke mlangoni, mtoto mgongoni, miguu imevimba kwa njaa. Katoka ng'ambo, upande wa Mahenge. Ameomba chochote cha kumpa mtoto, kwa Kipogoro. Nikajifanya sielewi — mimi niliyelelewa kwa Kipogoro! Nikamwonyesha njia kwa mkono, kama mtu anayefukuza kuku. Ndani nilikuwa na mchele, posho ninayopewa na akida wa serikali kwa kazi ya ukarani. Nimeupika nikiwa nimefunga dirisha. Nimekula peke yangu.

Jumatano, 4 Aprili
Yule mwanamke wa jana yuko kwa Mama Balbina, mjane wa hapa kijijini. Mumewe aliuawa vitani mwaka jana, askari wakachoma ghala lake, hana punje. Kampa mgeni kitanda, yeye analala chini. Mgeni anaitwa Theodosia. Kabatizwa misheni, kama mimi.
Sikupita njia ile leo.

Ijumaa, 6 Aprili
Asubuhi nimesikia nyimbo. Nikadhani msiba. Kumbe wanamjengea mgeni kibanda! Kila mtu kaja na kitu. Mzee Eustaki, mvuvi, kaleta kambale wawili. Digna kaleta majani ya maboga. Wengine mizizi ya porini, ile inayolowekwa siku tatu isije ikaua. Wanaume wanakata matete, maji magotini. Wanawake wanakanyaga udongo na kucheka. Mzee Eustaki kateleza, kakaa kwenye tope kama mtoto anayeogeshwa, na mgeni naye akacheka. Tangu vita sijasikia watu wakicheka hivyo.
Nilisimama njiani na kitabu changu cha sala. Mama Balbina akaniambia nisisimame bure, nishike nyasi. Nimefunga nyasi mpaka jioni. Vidole vimechanika. Nilifurahi, kweli nilifurahi. Kwa muda nilisahau.
Kisha tukala wote pamoja. Mama Balbina akamuuliza mgeni siku ile alibisha kwa nani kabla ya kufika kwake. Theodosia akanitazama. Si kwa hasira.
"Kwako ndiko nilikobisha kwanza, mama," akasema. "Sikupita kwa mtu."
Akaendelea kumlisha mtoto. Mimi nikarudisha tonge sahanini. Mama Balbina akanihimiza nile, nimefanya kazi. Nikala. Afadhali angenitaja.

Jumapili, 8 Aprili. Matawi
Nimewasalisha waumini, mimi mwalimu wao wa dini. Baada ya sala nikapeleka mchele uliobaki kwa Theodosia. Nilikwenda ili niseme ukweli mbele ya Mama Balbina. Lakini watu walikuwa wamejaa uani, wakaona kikapu, wakaanza kunisifu. Mwalimu ana moyo. Mwalimu anajinyima Kwaresima hii. Theodosia kapokea kwa mikono miwili, kanishukuru. Nikasema si kitu. Basi, nikarudi nyumbani na sifa.
Leo nimekuwa mbaya kuliko Jumanne.

Jumanne, 10 Aprili
Kaja askari wa akida. Amri: wote waliovuka mto kutoka upande wa waasi waandikwe majina, wapelekwe bomani kubeba mizigo. Karani ni mimi. Hakuna mwingine anayejua kuandika.
Tumekusanywa. Nimeandika kaya tisa, wote wa hapa. Kisha askari akamwonyesha Theodosia kwa kidole, akauliza huyu ni nani.
"Mdogo wangu," akasema Mama Balbina. "Tumbo moja."
Mzee Eustaki akaeleza kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemvusha kwa mtumbwi alipokwenda kuolewa, na ndiye aliyemrudisha alipofiwa, kabla ya vita. Digna akadai walicheza pamoja utotoni. Wakafuata wengine, mmoja baada ya mwingine. Watu ninaowafundisha amri kumi za Mungu! Wamesema uongo bila kupepesa macho, na mimi moyoni naona hiyo ndiyo Kwaresima ya kweli.
Askari hakuamini sana. Kasema karani ni mtu wa serikali, ataandika kweli, na karatasi aikute tayari akimaliza kula. Karani wa kijiji cha Mbingu aliwahi kuficha mtu mmoja. Alipigwa viboko ishirini na tano. Na yule mtu akachukuliwa vilevile.
Sasa niko ndani. Karatasi mezani, kaya ya kumi ni ya Mama Balbina. Nimeandika jina lake. Chini yake natakiwa kuandika Theodosia ni nani; wino umekauka kwenye kalamu mara mbili. Nikaona niandike humu kwanza.
Wamekaa uani wote, nawaona. Theodosia anasuka nywele za mtoto. Hakuna aliyekuja kuniomba. Hakuna hata aliyenikonyeza. Sijui ni kwa kuwa wananiamini, au kwa kuwa walishanitoa katika hesabu yao siku nyingi.
Askari ananawa mikono. Anauliza kama nimemaliza.
Nimejibu: bado kidogo.